TAHADHARI: Manjanja (mabati ya kuezekea) yaliyoandikwa "BG 28" huko Birere, pimeni kabla ya kulipa

Ndugu zangu wa Goma, hasa ninyi mnaotaka kuezeka sasa kabla mvua haijashika vizuri, someni hii kabla hamjatoa dola zenu.

Mwezi wa saba nilinunua manjanja 36 kwenye depo moja ya Birere. Nilitaka BG 28 (BG ni namba ya kipimo cha unene wa bati) kwa sababu nyumba yetu ya mbao iko Ndosho, mahali pa wazi, na upepo unaotangulia mvua hauna kitu cha kuuzuia. Muuzaji alinitolea bati moja la kuangalia. Lilikuwa zito, linang'aa, na limeandikwa BG 28 kwa wino mwekundu. Bei yake ilikuwa chini ya wengine kwa dola moja na nusu kila bati, na chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili) ya kubebea akasema atalipa yeye. Mafurushi yakatoka stoo yamefungwa kwa waya. Bati la juu zito, la chini zito. Ya katikati sikuyagusa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki iliyopita, Jumanne usiku, ukaja upepo wa kama dakika kumi, halafu mvua. Mabati matano ya upande wa jikoni yakaondoka. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili, Mungu alitulinda. Asubuhi nilimwita fundi aliyetuezekea, na kusema kweli nilishaanza kumgombeza kabla hajapanda. Alipofika juu akaniita nije nione mwenyewe. Misumari yote ilikuwa bado imekaa kwenye mbao, haijalegea hata mmoja, na kila msumari umebaki na kijipande cha bati chini ya kichwa chake. Bati ndilo lililochanika kuzunguka msumari, kama karatasi ya daftari. Nikamwomba fundi msamaha palepale.

Mama jirani anauza maharage, ana mizani. Tukapima bati lililokuwa juu ya furushi: kilo nane na nusu. La katikati, urefu uleule, upana uleule, maandishi yaleyale mekundu: kilo tano na kidogo.

Hapa ndipo wengi tunapodanganywa, kwa hiyo nieleze. Namba ya BG ikipanda, bati linakuwa jembamba. BG 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, BG 30 karibu 0.3, BG 32 karibu 0.25. Nimekutana na watu wanaofikiri 32 ni imara zaidi kwa sababu namba ni kubwa. Na wino si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuandika anachotaka. Uzito ndio hauwezi kuandikwa upya: mita moja ya mraba ya bati la chuma la milimita 0.4 ina kilo 3 hivi, na la milimita 0.25 ina kilo 2 tu.

Kwetu hapa jambo hili ni zito kuliko mahali pengine. Moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unaleta maji yenye asidi, na asidi hiyo inakula zinki iliyopakwa juu ya bati kuzuia kutu. Watu wa Rusayo na upande wa Sake wanajua jinsi bati linavyogeuka jekundu mapema. Bati jembamba likianza kutu kwenye matundu ya misumari, limekwisha. Na wengi wetu maji ya paa hilohilo ndiyo tunayokinga kwenye mapipa.

Nilirudi depo na mabati mawili mgongoni mwa kijana. Muuzaji hakuwa mkali, alitabasamu. Akanionyesha fakture (karatasi ya mauzo): "manjanja 36", basi. BG haikuandikwa, urefu haukuandikwa, hata muhuri hapana. Sikupata hata dola moja.

Kwa hiyo mkienda kununua, fungueni kila furushi palepale na mvute bati la katikati. Muuzaji akikasirika, ondokeni. Bebeni mizani, au mpime kwa mtu wa sokoni aliye karibu, kabla ya kulipa. Fakture iandikwe BG, urefu, idadi, na ipigwe muhuri. Mjihadhari pia na anayewapeleka "kwa rafiki yake", maana baadhi ya wanaopeleka wateja wanapewa chao.

Waliokwisha kuezeka na bati jembamba, msikate tamaa. Upepo huanza kunyanyua paa kwenye pembe na ukingoni, kwa hiyo hapo muongeze misumari yenye kofia pana na mpira, ipigwe juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde. Shevroni (mbao zinazobeba paa) zifungwe na ukuta kwa waya mnene. Na yale mawe ya lava tunayoweka juu ya paa, tafadhali yashusheni. Upepo ukiling'oa bati, jiwe nalo linashuka, na chini kuna watoto wetu.

Mama jirani amekubali mizani yake itumike bure kila Jumamosi asubuhi. Aliye Ndosho au Mugunga na ana wasiwasi na manjanja yake, aniandikie, nimwelekeze, aje na bati moja tulipime pamoja.