Kanheri, Mumbai: mapango zaidi ya mia moja, tumeingizwa moja tu

Nyota moja kwa huduma ya kutembezwa, na mfumo ungeruhusu sifuri ningeweka sifuri. Unalipia nusu siku, unafikishwa Kanheri, unaingizwa Pango la 3 upige picha, halafu mtembezaji anasimama mlangoni na kufoka: "Tumemaliza, huko juu ni mashimo matupu." Ukiuliza jambo, anatazama saa. Mashimo matupu! Mlima mzima wa watawa wa Kibudha, walioanza kuuchonga karne ya 1 KK na kuukalia kwa karibu miaka elfu moja, unafungwa kwa sentensi moja kwa sababu mtu anawahi wateja wengine mchana.

Hata hilo Pango la 3 alilipotosha. Stupa, yaani kuba la ibada la Kibudha, iliyo mwisho wa ukumbi aliiita lingam, nguzo ya ibada ya Kihindu ya mungu Shiva. Siyo. Ni stupa, imechongwa kutoka mwamba uleule wa mlima bila kuunganishwa jiwe lingine, na ibada yake ni kuizunguka ukiiacha upande wako wa kulia. Ndiyo maana nguzo 34 zimepangwa kuacha njia pembeni hadi nyuma yake. Yeye alikuwa anapitisha watu kinyume. Tena zitazameni nguzo zenyewe: baadhi zina vichwa vyenye tembo na watu, nyingine zimeachwa na pembe nane tupu, kazi haikukamilishwa. Barazani, kulia na kushoto, kuna Buddha wawili waliosimama, kila mmoja kama mita 7, ambao ni wa karne za baadaye kuliko ukumbi. Hapo mlangoni yapo pia maandishi yanayomtaja mfalme Yajna Sri Satakarni wa karne ya 2. Ili kuyaona, usimulike tochi usoni mwa jiwe. Ishike ubavuni, karibu na ukuta, mwanga upite kwa mshazari. Herufi zitatoka zenyewe.

Pango la 1 alilipita kama choo. Ndilo ningeanza nalo, kwa sababu halikumalizika, na ukilitazama unaelewa jinsi walivyofanya kazi: mbele kwanza, dari kabla ya sakafu, wakishuka. Fundi akikosea nguzo ya mwamba hana jiwe la kubadilisha.

Kinachoniudhi hasa ni maji. Huwezi kuielewa Kanheri bila maji, na maji yote yako huko juu alikokataa kwenda. Karibu kila makazi yana birika lake mlangoni, limechimbwa chini ya mwamba na kuachiwa mdomo mdogo ili jua lisikaushe maji. Juu ya paa la mwamba kuna mifereji ya upana wa kiganja inayokusanya mvua na kuielekeza humo. Mumbai mvua hunyesha kwa nguvu kuanzia Juni hadi Septemba, kisha miezi mingi ni ukavu. Bila mabirika hayo watawa wasingeweza kukaa mwaka mzima. Sisi tunaotoka pwani, ambako nyumba za zamani na misikiti vina mabirika, tunalielewa hilo kwa kuliona tu. Ila maji ya mle sasa msinywe.

Kwa hiyo pandeni bila yeye, kama nilivyofanya mimi. Ngazi zimechongwa mlimani, fupi, zimelika katikati. Vaa viatu vya soli ya mpira, na wakati wa masika yao shika ukuta kwa sababu mwamba unateleza vibaya. Pango la 11 lina mabenchi mawili marefu ya jiwe, ya chini, yanayokwenda sambamba katikati ya ukumbi: watawa walikaa hapo pamoja. Pango la 41 lina sanamu ya Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma wa Kibudha, mwenye vichwa 11. Pango la 90 lina maandishi ya Kipahlavi, lugha ya kale ya Uajemi, ya mwaka 1009 na 1021, yaliyoachwa na wageni wa dini ya Zoroaster, dini ya Waparsi ambao Unguja tunawajua. Tafuteni pia sehemu ya makaburi, namba 87: chini ya mwamba ulioinama kuna mabaki ya stupa za matofali, nyingi, zilizowekwa kwa watawa waliokufa. Hapo hasira zangu zilitulia kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba wenzangu tuliokuja nao walikuwa wamesharudishwa chini, hawatapaona, na zikapanda tena.

Wengi wetu tunafika Mumbai kwa ajili ya matibabu na tunabaki na siku tupu, basi sikilizeni: mtembezaji hahitajiki. Panda treni ya Western Line mpaka Borivali, toka upande wa mashariki, chukua bajaji au tembea hadi geti la Sanjay Gandhi National Park. Kiingilio cha geti na cha mapango ni tofauti, na kile cha mapango mgeni hulipa mara nyingi zaidi ya raia, kwa hiyo weka rupia mkononi, usitegemee kadi. Kutoka getini hadi mapangoni ni kilomita 6 au 7, kuna basi; likikataa kuondoka mpaka lijae, usijaribu njia za mkato msituni, chui wapo kweli. Uliza saa ya basi la mwisho kabla ya kupanda mlima. Maji beba kwenye chupa ya chuma, lita mbili kwa mtu, maana plastiki hukaguliwa getini. Chakula kifungie ndani ya begi. Kima wakiona mfuko mkononi wanaunyakua. Nenda asubuhi na upande juu kwanza, kabla mwamba haujashika moto, Pango la 3 uliache kwa kurudi.

Naona nimeandika nyota moja na watu watadhani ni ya Kanheri. Hapana. Kanheri ni tano. Mzazi wangu mwenye magoti mabovu ningempeleka mpaka Pango la 3 na asingekosa kitu kikubwa... hapana, nafuta hilo, angekosa mabirika. Ningemtafutia hata moja la chini. Na msiende Jumatatu, huwa pamefungwa.