Krisopraso ya Haneti au rubi ya Winza?

Ukianza kukusanya vielelezo vya madini hapa Dodoma, mawe mawili yatakuvuta mapema. Krisopraso ya Haneti, wilayani Chamwino, ina rangi ya kijani inayotokana na nikeli. Haina fuwele zinazoonekana kwa macho, hivyo uzuri wake wote umo kwenye rangi, na rangi hiyo huweza kufifia jiwe likikaa sana juani. Iweke kabatini, si dirishani. Ugumu wake ni karibu 7 kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10.

Rubi ya Winza, wilayani Mpwapwa, ni habari nyingine kabisa. Ugumu wake ni 9, wekundu wake unatokana na kromi, na baadhi ya vipande hupatikana fuwele ikiwa bado imeshikamana na mwamba wake wa amfiboliti, pengine na ganeti, aina nyingine ya kito, pembeni. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, maana kipande cha namna hiyo kinakuonyesha jiwe lilivyozaliwa. Tafadhali usikigonge nyundo ili uchomoe fuwele!

Kwa bei, krisopraso kwa kawaida ni nafuu zaidi. Lolote utakalochagua, nunua kwa mwenye leseni, dai risiti, kisha andika mahali lilikochimbwa.