Biro za yaya Kisumu: ada yako inanunua nini?

Mama anayerudi kazini miezi 3 ya likizo ya uzazi ikiisha ana njia mbili za kupata yaya: kuulizia kwa jamaa na majirani, au kulipa ada kwenye biro, yaani ofisi ya kutafutia watu wafanyakazi. Hapa tunapima njia ya pili. Biro nzuri unailipa kwa kazi ya kumchunguza yaya na kumfuatilia akishaanza. Ile inayokuletea mtu na begi lake tu haistahili hata nusu ya ada, kwani mtu utampata mitaa ya Kondele au Migosi kwa kuulizia dukani.

Anza na usajili. Wakala binafsi wa ajira anatakiwa asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kibali cha biashara cha kaunti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Omba cheti cha NEA na uangalie kama jina lake linalingana na la risiti utakayopewa.

Kisha omba faili ya yaya, uisome hapo hapo ofisini. Kitambulisho kiwe halisi, na awe ametimiza miaka 18. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, halafu mwombaji huchukuliwa alama za vidole. Risiti ya malipo hayo haithibitishi lolote, ingawa kuna ofisi zinazoionyesha kana kwamba ndiyo cheti. Waajiri wa zamani wawe wawili, na uwapigie simu mwenyewe. Uliza mtoto alikuwa na umri gani yaya alipoanza na alipoondoka. Mwajiri wa kupangwa hukwama papo hapo. Kupima kifua kikuu na choo ni jambo la busara. Kipimo cha HIV ni suala jingine: sheria ya 2006 inakataza kukifanya sharti la ajira, kwa hiyo biro inayojigamba kuwa imewapima mayaya wake wote HIV ikimbie.

Vyeti vya mafunzo visikulevye. Mpe yaya maswali matatu. Mtoto wa miezi 8 amepaliwa, hapumui wala kulia: jibu sahihi ni kumlaza kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, kumpiga mgongoni mara 5 katikati ya mabega, kisha kumgeuza na kumkandamiza kifuani kwa vidole viwili mara 5, na kurudia huku akiita msaada. Anayesema atamtia kidole kooni hajafunzwa, maana kidole husukuma kitu ndani zaidi. Mtoto ana homa: akupigie simu, aendelee kumnyonyesha kwa chupa au kikombe, na apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukanda huu wa ziwa una malaria mwaka mzima. Anayetaja dawa iliyobaki ya mtoto mwingine, mwache. La tatu ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa: nje ya friji hayazidi saa 4, na kwa joto la mchana wa Kisumu yaingie kwenye friji mara moja, ambako hukaa hadi siku 4. Yapashwe kwa bakuli la maji ya moto, na yanayobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe.

Udhaifu mkubwa wa biro uko kwenye ahadi ya kukubadilishia yaya bure. Inasikika kama ulinzi, lakini ofisi inayopata pesa kila yaya anapohama haina hamu ya kuona akikaa. Baadhi humkata yaya pia mshahara wa kwanza, naye anaanza kazi akiwa na deni na jicho nje. Uliza waziwazi kama anakatwa. Uliza pia nani atampigia simu wiki ya pili, wakati ambapo manung'uniko mengi bado yanarekebishika.

Biro ikikutajia mshahara wa 8,000, jua kwamba amri iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha yaya jijini Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na asiyelala kwako huongezewa posho ya nyumba ya asilimia 15. Kuna pia makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ada ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye huchangia kiasi hicho hicho. Andikeni mkataba: siku 1 ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 kwa mwaka, na kama kufua nguo za watu wazima kumo au hakumo. Mayaya wengi huondoka kwa sababu kazi ya mtoto iligeuka kuwa kazi ya nyumba nzima.

Mjaribu siku 3 za malipo ukiwepo nyumbani. Ada uilipe kwa awamu mbili, nusu akianza na nusu siku ya 30. Biro inayokataa mpango huo haimwamini yaya wake yenyewe.