Proxmox kwa ofisi ndogo ya Dodoma: tathmini baada ya miaka miwili

Kwa miaka miwili sasa kazi zote za kompyuta katika chama chetu cha akiba na mikopo hapa Dodoma zimekuwa zikiendeshwa juu ya Proxmox VE. Kwa kuwa maafisa TEHAMA wenzangu wa hapa mjini wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara kama mfumo huu unafaa, nimeona ni vyema nieleze kwa urefu nilichokiona. Ofisi yetu ina wafanyakazi wapatao arobaini, matawi mawili, moja Kondoa na jingine Mpwapwa, na mtu mmoja tu wa TEHAMA, ambaye ni mimi. Msomaji alishike hilo la mwisho, kwa sababu ofisi yenye kitengo cha watu sita inaweza kuupima mfumo huu kwa vigezo vingine kabisa.

Proxmox VE husakinishwa moja kwa moja kwenye seva na kuigawa seva hiyo kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja ikiwa na Windows au Linux yake, diski yake na anwani yake ya mtandao, kana kwamba ni kompyuta inayojitegemea. Umejengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, unatengenezwa na kampuni iliyoko Vienna, Austria, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008. Usimamizi wote hufanyika kupitia kivinjari, kwenye mlango namba 8006, kwa hiyo sihitaji kukaa mbele ya seva wala kusakinisha programu ya pekee kwenye kompyuta yangu. Msimbo wake uko wazi, na hakuna kipengele kilichofungwa kwa asiyelipa. Ada ipo, nayo hulipwa kwa mwaka na kuhesabiwa kwa kila soketi ya prosesa; daraja la chini kabisa linazidi kidogo euro 100, na linakupa masasisho yaliyopimwa zaidi lakini halina msaada wa mafundi. Anayetumia bila kulipa hukumbushwa kila anapoingia kwamba hana usajili, na asipobadilisha hazina ya vifurushi, yaani mahali masasisho yanapochukuliwa, iliyowekwa tangu mwanzo, masasisho yake yatagoma. Wengi hukwama hapo siku ya kwanza wakidhani mfumo ni mbovu.

Tulihamia huku kwa lazima. Programu yetu ya uhasibu ilikuwa kwenye seva ya zamani yenye Windows Server 2012 R2, ambayo Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 10 Oktoba 2023. Mwezi uliofuata kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, watengenezaji wa mfumo mwingine wa mashine pepe, na mwezi Desemba ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu, kwa hiyo mfumo huo, ambao ndio niliokuwa nimeupendekeza kwa uongozi, ukawa haumo tena ndani ya bajeti. Seva yenyewe ilikuwa inazeeka, feni moja ilikuwa inalia, na programu ya uhasibu haikuweza kuhamishiwa Windows mpya kabla ya hesabu za mwaka kufungwa. Proxmox ilituwezesha kuichukua ile seva nzima, pamoja na Windows yake ya zamani, na kuiweka ndani ya mashine pepe isiyofikika kutoka intaneti, huku tukitengeneza mazingira mapya pembeni.

Uhamishaji huo ulinigharimu wikiendi mbili badala ya moja, na kosa lilikuwa langu. Niliinakili diski ya seva ya zamani kwa kutumia Disk2vhd, programu ya kugeuza diski nzima kuwa faili, nikaiingiza kwenye Proxmox, nikaichagulia kidhibiti cha diski cha aina ya VirtIO, kilichobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, kwa sababu ndicho chenye kasi, kisha nikaiwasha. Windows ikasimama kwenye skrini ya bluu ikisema haifikii diski ya kuwashia, kwa kuwa haikuwa na draiva ya kidhibiti hicho. Njia sahihi ni kuiwasha kwanza diski ikiwa imeunganishwa kama SATA, aina ya kawaida ambayo Windows huitambua yenyewe, kuongeza diski ndogo ya pili ya VirtIO, kusakinisha draiva Windows ikiwa inaiona ile ndogo, na ndipo kuibadilisha ile kubwa. Jambo la pili ambalo mwenzangu anapaswa kuliandika mahali kabla hajaanza ni anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho, ya kadi ya mtandao ya seva ya zamani. Leseni ya programu yetu ya uhasibu ilikuwa imefungwa kwenye anwani hiyo, na bila kuingiza namba ileile kwenye mipangilio ya mashine pepe, programu ilikuwa inafunguka na kudai haijasajiliwa.

Yote hayo ni mambo ya siku za mwanzo. Kinachonifanya niupende mfumo huu kwa dhati ni jinsi unavyorudisha kilichopotea, ukitumiwa pamoja na ndugu yake, Proxmox Backup Server, ambayo tumeiweka kwenye kompyuta nyingine ndani ya chumba kingine.

Nitaeleza Jumatatu moja. Saa mbili na robo asubuhi mhasibu wetu mkuu alinipigia simu kutoka ghorofa ya juu. "Mwanangu, salio za wanachama zote zimepotea." Nilipofika nikakuta lile jedwali kubwa la Excel la mikopo, ambalo watu watano hulitumia kwa zamu, limejaa neno #REF! kutoka juu hadi chini. Nikamwambia, "Mama, usihifadhi chochote, acha faili lilivyo." Chanzo tulikipata baadaye: Ijumaa, yapata saa kumi na nusu jioni, karani mmoja alikuwa amefuta safu wima aliyodhani haina kazi, kumbe fomula za kurasa nyingine zote zilikuwa zinaitegemea. Faili lilihifadhiwa, likafungwa, kompyuta ikazimwa, na kitufe cha kutendua hakikuwa na lolote la kutendua.

Nilifungua Proxmox kwenye kivinjari cha kompyuta yake mwenyewe, nikachagua mashine pepe ya mafaili, nikaenda kwenye orodha ya nakala rudufu, nikachagua ile ya Ijumaa saa saba mchana na kubonyeza kitufe cha kurejesha faili. Mfumo huwasha mashine ndogo sana nyuma ya pazia, ambayo kazi yake ni kuisoma diski iliyohifadhiwa bila kuigusa, kisha hukuonyesha folda zilezile unazozijua. Nikaingia folda ya mikopo, nikalipakua jedwali, nikaliweka kando ya lile lililoharibika kwa jina tofauti ili mhasibu ayalinganishe. Tangu simu ilipopigwa hadi salio zilipoonekana hazikupita dakika kumi na tano, na nyingi kati ya hizo nilizitumia kupanda ngazi na kuuliza nini kimetokea. Kilichobaki kuingizwa upya ni malipo ya Ijumaa mchana, na stakabadhi zake zilikuwa kwenye jalada.

Miaka mitatu kabla ya hapo, tukio kama hilo lilituchukua siku mbili, kwa sababu nakala zilikuwa kwenye diski ya nje, na ya mwisho kusomeka ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nayakumbuka macho ya wanachama waliokuwa wakisubiri dirishani, na ndiyo sababu sehemu hii ya mfumo naipa uzito kuliko nyingine zote.

Kwa wanaotaka kujua inavyofanya kazi: Proxmox Backup Server huikata diski ya mashine pepe katika vipande vya MB 4, na kipande kilichokwisha kuhifadhiwa hakihifadhiwi tena, hata kikitokea kwenye mashine nyingine. Mashine inapoendelea kuwaka, mfumo hukumbuka ni sehemu zipi zimebadilika na kutuma hizo tu, ndiyo maana nakala ya adhuhuri hukamilika kabla watu hawajarudi kutoka chakula cha mchana. Ukiizima mashine na kuiwasha, kumbukumbu hiyo hupotea na nakala inayofuata husoma diski nzima, kwa hiyo usishangae ikichelewa. Nakala za zamani huondolewa kwa utaratibu wa kupogoa, neno ambalo wakulima wa zabibu wa mkoa huu hawahitaji kufafanuliwa, lakini kupogoa peke yake hakurudishi nafasi kwenye diski. Usafishaji ndio huirudisha, nao haugusi kipande chochote kilichotumika ndani ya saa ishirini na nne zilizopita. Asiyesubiri diski ijae kabisa ndipo aanze kusafisha atajiepusha na usiku mrefu.

Nakala hizo hizo huvutwa kila usiku hadi kompyuta iliyoko tawi la Kondoa, zikiwa zimesimbwa, yaani hazisomeki bila ufunguo, kabla hazijatoka kwenye seva yetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za wanachama, na mimi sikutaka majina na mikopo yao ikae wazi kwenye kompyuta iliyo nyuma ya kaunta. Ufunguo wa kusimbua unaweza kuchapwa kwenye karatasi. Wetu uko kwenye kasha la chuma la meneja, kwa sababu ukipotea hakuna fundi yeyote duniani atakayezifungua nakala hizo.

Umeme ni sura nyingine. Kwa kuwa chini ya Proxmox kuna Debian ya kawaida, nilisakinisha NUT, programu inayofuatilia hali ya UPS, nikaunganisha UPS yetu, ile betri ya akiba ya seva, kwa waya wa USB, na sasa betri ikifikia kiwango nilichoweka, mashine pepe huzimwa moja baada ya nyingine kwa mpangilio: kwanza programu ya uhasibu, kisha hifadhidata, mwisho seva ya mafaili. Mpangilio huo hauaminiki mpaka uwe umesakinisha programu ndogo ya wakala ndani ya kila mashine, ile inayopokea amri ya kuzima na inayotuliza diski wakati nakala inachukuliwa. Kuhusu vumbi la Agosti na Septemba na joto la Oktoba, hakuna programu itakayokusaidia. Nunua kichujio, na uipulize seva kila mwezi.

Yapo mambo ambayo nilitarajia yatapungua na hayakupungua. Nusu ya simu ninazopigiwa bado ni za Excel na printa. Mtu anaambiwa faili limefungwa na mwenzake kwa ajili ya kuhaririwa, na huyo mwenzake yuko likizo Singida. Aghalabu kompyuta yake ilizimika ghafla, seva ya Windows ikabaki ikiamini kwamba faili bado liko mikononi mwake, au lile faili dogo lililofichwa lenye alama ya ~$ mwanzoni mwa jina likasalia kwenye folda. Dawa ni kufungua orodha ya mafaili yanayotumika kwenye seva, kulifunga hilo moja, na kufuta lile dogo baada ya kuhakikisha kweli hakuna anayelitumia. Proxmox haihusiki na jambo hilo, ila hunipa ujasiri wa kulifanya saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa, kwa sababu nakala ipo.

Gharama iliyojificha iko kwenye vifaa. Ukichagua ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski, kama nilivyofanya, unapata diski mbili zinazoakisiana na ukaguzi wa data unaojiendesha kila Jumapili ya pili ya mwezi, lakini ZFS inataka kuziona diski zenyewe bila kupitia kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zionekane kama moja, inapenda kumbukumbu ya RAM, na huandika sana. Diski za SSD za bei nafuu nilizoanza nazo hazikuwa na kinga ya kukatika kwa umeme, na safu inayoonyesha uchakavu ilipanda kwa kasi iliyonitisha nikazibadilisha kabla ya mwaka kwisha. Za aina ya seva nilizifuata Kariakoo. Tangu treni ya SGR ianze safari za abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024, kwenda asubuhi na kurudi jioni na boksi la diski limekuwa jambo la kawaida kwangu.

Kuunganisha seva mbili ziwe klasta, moja ikifa nyingine iendeleze kazi, nilijaribu nikaacha. Klasta huendelea na kazi pale tu seva nyingi zaidi zinapopiga kura kwamba zipo, na seva mbili pekee hazipati wingi huo moja inapopotea, kwa hiyo unahitaji ya tatu, au walau kompyuta ndogo ya kupiga kura, pamoja na hifadhi ambayo zote zinaifikia. Kwa ofisi yetu, kurudisha mashine kutoka kwenye nakala ndani ya saa moja kunatosha.

Ningemshauri afisa TEHAMA anayefanya kazi peke yake auchague mfumo huu iwapo haogopi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, na iwapo uongozi utakubali kununua kompyuta ya pili kwa ajili ya nakala tangu siku ya kwanza. Asiyejua Linux kabisa atenge miezi miwili ya kujifunza kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kugusa data ya watu. Mimi mwenyewe kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ofisi ikiwa imefungwa, huchagua mashine pepe moja bila mpangilio, huirejesha kwa jina jipya bila kuiunganisha na mtandao, huiwasha, na kufungua data iliyomo hadi mstari wa mwisho. Mwezi huu ilikuwa zamu ya seva ya uhasibu, ilifunguka.