Uzoefu wangu na shokapu mpya za gesi kwenye Noah, Arusha

Mwezi Machi nilifunga shokapu nne mpya za gesi, zilizotengenezwa Japani, kwenye Toyota Noah ninayoendesha kati ya Arusha na Moshi karibu kila juma. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuziwa za mtumba katika duka moja la vipuri, nikahakikishiwa kwamba bado ni nzima, lakini hata miezi miwili haikutimia, mafuta yakawa yanavuja na kugandisha vumbi kwenye mitungi yake. Kila tuta baada ya Usa River lilifuatwa na kunesanesa kusikokwisha, na mama yangu, anayekaa kiti cha nyuma, alikuwa akiomba tusimame Boma Ng'ombe kwa sababu ya kichefuchefu.

Kuna aliyenishauri nibadilishe springi. Nilikataa, kwa kuwa springi hubeba uzito na kuurudisha, lakini haiwezi kuutuliza. Hata iliyo mpya ingeendelea kunesa.

Kabla hatujafungua kitu, nilibandika rula juu ya tairi la mbele, fundi akaikandamiza kona ile na kuiachia ghafla, nami nikarekodi kwa simu. Mneso wa kwanza ulifika sentimita 4, wa pili 3, wa tatu 2 na robo hivi, yaani kila mmoja ulikuwa robo tatu ya uliotangulia, ilhali muda wa kila mneso ulibaki uleule, sekunde moja kasoro kidogo. Baada ya kufunga mpya, gari lilipanda, likapitiliza kidogo, likatulia.

Mimi ni fundi wa redio, na jambo hili ninalijua kutoka mezani kwangu. Chaji ya umeme ikiwa kwenye saketi ya koili (waya uliozungushwa) na kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) huenda na kurudi vilevile, mpaka ukinzani wa rezista uimalize kwa kuigeuza nishati yake kuwa joto. Koili ni uzito wa gari, kapasita ni springi, rezista ni shokapu. Ndani ya shokapu pistoni hulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba, na joto hutokea hapo. Siku moja, baada ya barabara mbovu ya vumbi, niliinama nikazigusa: zilikuwa za moto, na nilifurahi, kwa maana zile za mtumba nilizowahi kuzigusa baada ya njia hiyohiyo zilikuwa karibu baridi. Gesi iliyoshindiliwa husaidia mafuta yasifanye povu, kwani povu hupita vitunduni bila upinzani wa kutosha.

Kasoro niliyoiona ni ugumu wake kwenye mwendo wa polepole, ambapo kokoto ndogo za njia za Njiro zinasikika zaidi kuliko zamani. Hilo ninalivumilia. Mama sasa hulala mpaka Moshi.