Kusafisha picha Mwanza: digitali sawa, filamu uliza kwanza

Kwa picha za digitali, studio moja ya katikati ya jiji la Mwanza haina longolongo. Saizi ya inchi 4 kwa 6 inataka pikseli 1200 kwa 1800, rangi ziwe sRGB, yaani mfumo wa rangi wa kawaida wa faili za picha. Peleka faili kwa flashi. WhatsApp huibana picha, na anga juu ya Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu wa Mwanza ziwani, hutoka na mabaka.

Filamu ndiyo yenye kazi. Dawa ya C-41, ya kusafishia filamu za rangi, hutaka nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15. Ikipoa, negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa) hutoka hafifu na rangi huyumba. Uliza dawa ilibadilishwa lini. Mhudumu hujibu bila kusita, ila negativu hurudishwa zimeviringishwa kama chapati, zikichubuana. Sema mapema zikatwe vipande vya picha sita sita.