Mwaka mmoja na baiskeli ya mtumba: gia 21, ninazotumia 3

Nilipoinunua baiskeli hii Januari mwaka jana, muuzaji wa pale Busia alinionyesha gia zake kama mtu anayefunua mahari. Saba nyuma, tatu mbele, jumla 21. "Mama, na hii unapanda hata Elgon," akasema. Nikatoa shilingi 420,000 za Uganda, ikafungwa juu ya taksi, nikarudi nayo Tororo. Leo mwaka umetimia na siku kidogo, nami natumia gia tatu. Hizo 18 zipo tu, kama vyombo vya kabatini vinavyongoja wageni.

Nieleze kwanza mwalimu wa miaka 47 alifuata nini kwenye baiskeli. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi hapa Uganda na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kiswahili kikapanda hadhi, mimi nikapanda uzito. Vipindi viliongezeka, madaftari ya kusahihisha yakawa marundo, na kila saa nne asubuhi kikomando kikanisubiri mezani, ile chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharagwe. Siku nilipopima zahanati, mizani ilisema kilo 91 na presha ilikuwa 152 kwa 96. Nesi alinipa miezi mitatu kabla ya kuanza vidonge, na hesabu ya kwenda nayo nyumbani: dakika 150 kwa wiki za mwendo unaotoa jasho lakini haukukatizi maneno. "Vidonge havitaisha, Mwalimu. Anza na miguu."

Nilianza kwa kukimbia, maana huku kila mtu atakushauri ukimbie. Kapchorwa, kwao wakimbiaji, ni majirani zetu, na tangu Stephen Kiprotich alete dhahabu ya marathoni kutoka Olimpiki ya London mwaka 2012, halafu Joshua Cheptegei akaleta za kwake kutoka Tokyo na Paris, Mganda akishavaa raba anaona kilichobaki ni medali tu. Wiki ya pili goti la kushoto likavimba. Raba nikampa mwanangu.

Baiskeli nilikuwa naijua upande mmoja tu, wa nyuma. Sisi watu wa mpakani tumekulia kwenye keria. Boda boda yenyewe ilizaliwa huku, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya huku wakiita "boda! boda!" Pikipiki zimerithi jina tu. Mama yangu alibebwa hivyo, miguu upande mmoja, nami nikabebwa hivyo kwenda shule. Lakini kushika usukani? Maisha yangu yote nilikuwa abiria. Basi kabla muhula haujafunguliwa nilijifunzia kwenye kiwanja cha shule, mlinzi wetu akishika keria na kukimbia nyuma yangu, akihema kuliko mimi.

Sasa baiskeli yenyewe. Ni ya mtumba, kutoka Japani kwa mujibu wa stika yake, ya chuma, magurudumu inchi 26, na ni ya kike, yaani bomba la juu limeinama. Hilo bomba ndilo nililolipenda siku ya kwanza na bado nalipenda. Siku ya gomesi, lile gauni letu refu la heshima, siendeshi, sitawadanganya, ila kwa sketi pana ya kazini napanda na kushuka bila kukusanya watazamaji. Muuzaji alikuwa na nyingine iliyokuwa mpya zaidi, bomba limenyooka, tena bei pungufu kwa 40,000. Niliikataa. Wanawake wenzangu, kwenye hili msibembelezwe.

Siti, kwa upande wake, ilikuwa balaa. Nyembamba, ngumu, kama kukalia mgongo wa panga. Mwezi mzima niliumia nikidhani ndiyo mazoezi yenyewe, kwamba mwili unazoea. Nilipoipeleka kwa fundi wetu aliye chini ya mwembe, alicheka kwanza, halafu akanionea huruma. "Mwalimu, hii siti ni ya watu wa mashindano. Wewe unaenda kusahihisha madaftari." Akaniwekea ile pana yenye springi, kama ya wale vijana wanaobeba watu, kwa shilingi 35,000. Kisha akaipandisha juu mpaka mguu ukawa unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Kumbe nilikuwa naendesha nimekunja magoti kama chura. Wiki hiyo hiyo goti lililonisumbua tangu enzi za raba likanyamaza. Katika fedha zote nilizotumia mwaka huu, hizo 35,000 ndizo zilizonirudishia zaidi.

Kuhusu gia nitasema taratibu, maana nilinuna sana. Mwezi wa sita kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kiligonga jiwe, kikapinda. Cheni ikawa inaruka yenyewe, tena inachagua kuruka katikati ya kilima. Spea ya namna hiyo Tororo haipo. Busia nilipata kimoja cha mtumba, hakikuingia. Fundi akakinyoosha cha kwangu kwa koleo, mbele akaifunga cheni kwenye gia ya kati, nyuma akaniachia tatu zinazoshika vizuri. "Hizi zinakufikisha Mbale," akasema. Nilimlipa bila kumtazama.

Kilichoniondolea hasira ni mzee mmoja ninayekutana naye asubuhi. Ana baiskeli nyeusi isiyo na gia hata moja, ile nzito ya siku zote, na kwenye keria amefunga gunia la mahindi. Kwenye mpando wa kuingia mjini alinipita. Akanigeukia kwa adabu: "Pole pole, Mwalimu, utafika." Na gunia lake. Tangu siku hiyo sizungumzii tena gia 21.

Ningenunua kama yake? Hapana, ni nzito mno na bomba lake limenyooka. Lakini spea zake zinauzwa kila duka la vifaa mpaka vijijini, na fundi yeyote anaifungua akiwa amefumba macho. Ningekuwa nanunua upya, ningetafuta yenye gia chache nyuma na moja tu mbele, na kabla ya kulipa ningemuuliza kwanza fundi wangu, si muuzaji.

Breki ni udhaifu mkubwa wa baiskeli yangu. Ni za mpira unaobana ringi, na ringi ikilowa mpira unateleza tu. Tororo nayo imo kwenye vitabu vya jiografia kwa ngurumo zake, ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa kuwa na siku nyingi za radi kuliko kwingine duniani, na mvua zetu hupenda kushuka alasiri, saa za kutoka shule. Mwezi wa nne nilibana breki kwenye mteremko, baiskeli ikaendelea kama haikusikia, tukaishia mtaroni mimi, yeye na madaftari 42 ya kidato cha pili. Mimi nilichubuka kiwiko. Madaftari yalilowa wino ukachuruzika, na darasa zima likapokea habari hizo kwa furaha isiyofichika. Nilibadilisha mipira ya breki kwa 10,000, lakini dawa hasa ni kutazama mbingu: wingu likijikusanya, baiskeli inalala shuleni nami napanda pikipiki.

Fedha sasa. Pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa 4,000 kwa siku, yaani 20,000 kwa wiki ya shule. Matengenezo ya mwaka mzima, siti na breki zikiwemo, cheni mpya, tairi mbili na pancha tisa za miiba, yalifika 148,000. Ukijumlisha na bei ya kununulia ni 568,000, sawa na wiki 29 hivi za pikipiki. Muhula wa tatu nilikuwa naenda bure, ukiacha siku za mvua.

Mwili haukuwa na haraka kama hesabu. Miezi mitatu ya kwanza mizani haikusogea kabisa, na sababu naijua: kila nikifika shule nilijipongeza kwa kikomando maradufu, eti nimeendesha. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, kiasi cha nesi kuniongezea muda. Julai nikakihamishia kikomando Ijumaa peke yake. Desemba nilikuwa kilo 82, presha 131 kwa 84. Nesi aliandika, akafunga kitabu, akasema, "Usiniharibie hizi namba Krismasi."

Jambo ambalo sikulitarajia ni Mwamba wa Tororo. Nimefundisha chini yake miaka 19, nimewatungia wanafunzi insha juu yake, na sikuwahi kuupanda. Ni mabaki ya volkano ya kale, kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kali zimewekewa ngazi. Agosti nilipanda na walimu wenzangu wawili, nikapumzika mara saba, mara mbili nikisingizia kamba za viatu. Desemba nilipumzika mara mbili tu. Ukifika juu unaiona Elgon upande mmoja na Kenya upande mwingine, na paa la shule yetu dogo kama kifuniko cha sufuria. Sasa Jumamosi sisi watatu huwa hatukai. Tukikosa mwamba tunaendesha barabara za vumbi za vijijini, na mara moja tulikwenda hadi Mbale, kilomita 40 na ushei. Kurudi tulirudi kwa taksi, baiskeli juu, sisi ndani tumelala.

Mtu asiyezoea ajiandae kwa maneno. "Mwalimu, gari limekufa?" Sijawahi kuwa na gari. Mzazi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mshahara umechelewa. Vijana wa stendi walinipigia makofi wiki nzima. Muhula wa pili wakachoka, wa tatu mmoja akaniuliza nilinunua wapi.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa breki, na zile gia nimezisamehe. Keria nayo nilikuwa sijaijaribu kwa zaidi ya mfuko wa madaftari hadi Ijumaa iliyopita, mlinzi wetu alipochelewa kwenda kituo cha taksi akaomba lifti. Akakaa nyuma, miguu upande mmoja. Chuma hakikulia hata kidogo. Yeye ndiye aliyelia, akiniomba nipunguze mwendo kwenye kona.